Namna ya Kutuma Kiasi Kidogo cha Fedha Nje ya Nchi kwa Gharama Nafuu: Mwongozo kwa Wakaazi wa Unguja na Pemba

Masuala haya huja kila mwezi, na huja kwa namna ile ile. Mama wa Wete anataka kumpelekea mwanawe anayesoma Kampala shilingi laki moja na nusu, na anaogopa zisije zikafika laki na ishirini. Kijana wa Mwanakwerekwe ana dada yake Mombasa ambaye mtoto wake amelazwa hospitali, na fedha zinatakiwa leo hii. Familia ya Chake Chake imempeleka mgonjwa Chennai kwa matibabu, aliyemsindikiza ameishiwa na fedha za kula, nao hawajui kama wana njia nyingine zaidi ya kwenda benki. Nimeyakusanya majibu hapa ili kila mwenye haja ayafuate mwanzo hadi mwisho bila ya kuuliza upya.

Mwongozo huu unahusu fedha kidogo tu, kuanzia kama shilingi elfu ishirini hadi laki nane hivi. Anayelipia gari kutoka Japani ana hesabu nyingine, kwa sababu ada ya benki ambayo kwake ni punje ndani ya pishi, kwako wewe ni kibaba kizima.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi au namba ya NIDA yenye tarakimu 20, pamoja na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe kwa alama za vidole. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji au la mtoto itakuletea taabu siku muamala utakapokwama.
- Jina la mpokeaji kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti au kitambulisho chake. Mwambie apige picha ya ukurasa wenye jina na akutumie, kisha unakili herufi kwa herufi.
- Namba ya simu ya mpokeaji pamoja na namba ya nchi: 254 kwa Kenya, 256 kwa Uganda, 250 kwa Rwanda, 968 kwa Oman, 971 kwa Falme za Kiarabu, 91 kwa India.
- Ikiwa fedha zinakwenda kwenye akaunti, uwe na jina la benki, namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT, yaani alama zinazoitambulisha benki kimataifa, ambao huwa na herufi na tarakimu 8 au 11. Falme za Kiarabu hutumia pia IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, yenye tarakimu na herufi 23, Saudia 24, Uingereza 22. India hawatumii IBAN; wao wana msimbo wa IFSC, unaotambulisha tawi la benki, wenye herufi na tarakimu 11.
- Sababu ya malipo, na karatasi yake kama ipo: ankara ya chuo, barua ya hospitali, risiti ya kodi ya chumba.
- Kiwango cha siku hiyo cha kubadilishia fedha kinachotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania, pamoja na kalamu na karatasi.

Fedha hukatwa wapi

Watu wengi huuliza suala moja tu: ada ni kiasi gani? Ada ni sehemu ya gharama, na mara nyingi si sehemu kubwa. Sehemu ya pili imo ndani ya kiwango cha kubadilishia, kwa kuwa mtoa huduma hakuuzii fedha za kigeni kwa kiwango cha Benki Kuu bali kwa kiwango chake mwenyewe, na tofauti baina ya viwango hivyo viwili inatoka mfukoni mwako ingawa risiti haiitaji. Sehemu ya tatu hukatwa huko huko ziendako: mpokeaji hulipa ada ya kutoa fedha kwa wakala, na Uganda serikali hukata pia kodi ya 0.5% kila fedha za simu zinapotolewa, utaratibu ulioanza mwaka 2018.

Benki ya Dunia huzipima gharama hizi kwa mfano wa mtu anayetuma dola 200, na katika vipimo vyake Afrika iliyo kusini mwa Sahara imekuwa ghali kuliko maeneo mengine yote. Lengo la Umoja wa Mataifa ni kwamba ifikapo 2030 gharama zote pamoja ziwe chini ya 3%. Kwa kiasi kidogo kutoka Zanzibar ni shida kuifikia asilimia hiyo, lakini ukiona jumla ya makato imepita 10%, basi kwa maoni yangu usitume kabla hujatafuta njia nyingine.

Hatua za kufuata

1. Muulize mpokeaji atazitumiaje fedha. Hatua hii huachwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo yenye kuokoa fedha nyingi zaidi. Ikiwa mwanao wa Mombasa atalipa duka na mwenye nyumba kwa simu, hana haja ya kwenda kwa wakala kutoa fedha taslimu, na ada ya kutoa haimgusi. Ikiwa fedha ni za ada ya chuo au za mtihani, lipa chuo chenyewe badala ya kumtumia mwanafunzi ambaye naye atalipa tena. Ikiwa ni za hospitali, omba namba ya akaunti ya hospitali na namba ya usajili ya mgonjwa, uiandike namba hiyo kwenye sehemu ya maelezo ili malipo yasipotee baina ya wagonjwa.

2. Orodhesha njia zinazofika huko. Njia hutegemea nchi, kwa hiyo nitazieleza moja moja.

Kwa Kenya, Uganda na Rwanda, anza na simu. M-Pesa ya Vodacom iliunganishwa na M-Pesa ya Safaricom mwaka 2015, na mwaka mmoja kabla yake Tigo Pesa, ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas, ilikwisha kuanza kupeleka fedha Rwanda. Fedha huondoka kwako zikiwa shilingi za Tanzania na humfikia mwenzako ndani ya dakika chache zikiwa fedha za nchi yake. Uliza mtandao wako unafika mitandao gani ya nchi unayoikusudia, kwani laini ya kampuni moja huweza kufika Kenya vizuri na isifike mtandao anaoutumia mwanao Kampala.

Kwa Oman, Falme za Kiarabu na Saudia, ambako wengi wetu tuna ndugu, njia ya kawaida ni kwenda benki au kwa wakala wa Western Union, na mpokeaji akachukua taslimu au zikaingia kwenye akaunti yake. Kuna jambo litakalokusaidia kukagua hesabu: fedha za nchi hizo zimefungwa na dola kwa kiwango kisichobadilika. Dirhamu 3.6725 ni dola moja, riyali ya Saudia 3.75 ni dola moja, na riali moja ya Oman ni dola 2.60. Kwa hiyo dola 100 ni dirhamu 367 na kitu, au riali 38 na nusu kasoro. Ukiambiwa kwamba dola zako 100 zitatoka riali 36, ujue kwamba riali mbili na zaidi zimekwenda kwenye ubadilishaji wa pili, mbali na ulichokwisha kulipa wakati shilingi zilipogeuzwa dola.

Kwa mwanafunzi aliyeko India, Uturuki, Malaysia au Misri, njia ninayoipendekeza kuliko zote ni kadi. Kabla hajasafiri, afungue akaunti hapa nyumbani kwa jina lake mwenyewe, achukue kadi ya Visa au Mastercard, na aiombe benki kwa maandishi imfungulie matumizi ya nje ya nchi. Wewe utakuwa unaweka shilingi kwenye akaunti yake kutoka kwenye simu yako kama unavyoweka kwa mtu yeyote wa Unguja, na yeye atatoa huko au atalipa dukani. Kila anapotoa fedha mashineni hukatwa ada, hivyo atoe mara moja kwa mwezi badala ya kila Ijumaa. Na mashine au muuzaji akimuuliza kama anataka akatwe kwa shilingi za Tanzania au kwa fedha za nchi ile, achague fedha za nchi ile. Akichagua shilingi, kiwango hupangwa na mwenye mashine, na huwa kibaya.

Huduma za mitandao ya simu za kutengeneza kadi ya mtandaoni kutoka kwenye salio nazo zinafaa kwa malipo madogo ya moja kwa moja, kama vile ada ya maombi ya chuo.

Huulizwa pia kuhusu programu za Wise na Remitly ambazo ndugu zetu wa Uingereza huzitumia kutuletea fedha. Hizo huleta Tanzania. Hazichukui shilingi kutoka akaunti ya hapa kupeleka kwao, kwa hiyo usipoteze siku kujisajili.

3. Chukua tarakimu tatu kutoka kila njia. Uliza ada ni kiasi gani, kiwango cha kubadilishia ni kipi, na mpokeaji atapata kiasi gani mkononi. Simu hukuonyesha tarakimu hizi kabla ya kuweka namba ya siri, nawe unaweza kuziandika kisha ukafuta bila ya kutuma. Benki, muombe mtumishi akuandikie. Si vibaya kuomba, ni haki yako.

4. Piga hesabu ya shilingi kwa kila kitengo kitakachofika. Chukua fedha zote zitakazotoka kwako, pamoja na ada, uzigawe kwa kiasi atakachopokea mwenzako. Nitatumia tarakimu za kubuni ili hesabu ionekane.

Tuseme unapeleka Sh 200,000 Mombasa. Njia ya kwanza ina ada ya Sh 3,000 na inakuuzia shilingi moja ya Kenya kwa Sh 21. Njia ya pili ina ada ya Sh 8,000 lakini inauza kwa Sh 20.20. Kwa njia ya kwanza umetoa Sh 203,000 na zimefika 9,523 za Kenya, sawa na Sh 21.32 kwa kila moja. Kwa njia ya pili umetoa Sh 208,000 na zimefika 9,900, sawa na Sh 21.01 kwa kila moja. Ile yenye ada kubwa ndiyo iliyo rahisi.

Sasa punguza ziwe Sh 50,000, na ada zibaki zile zile. Njia ya kwanza: umetoa Sh 53,000, zimefika 2,380, kila moja imekugharimu Sh 22.27. Njia ya pili: umetoa Sh 58,000, zimefika 2,475, kila moja imekugharimu Sh 23.43. Jibu limegeuka. Ndiyo maana simwambii mtu kwamba njia fulani ni rahisi kabla hajaniambia anatuma kiasi gani, na ndiyo maana nakuomba uirudie hesabu hii kila kiasi kinapobadilika. Ikiwa mpokeaji atatoa taslimu, punguza kwanza ada ya kutoa kwenye kile kitakachofika, kisha ndipo ugawe.

5. Hakiki jina. Hapa naomba utulie. Majina yetu yana tahajia nyingi: Mohamed, Mohammed na Muhammad, Abdalla na Abdullah, Saleh na Swaleh, Fatma na Fatima. Sisi tunajua kuwa ni jina moja, lakini karani wa Muscat mwenye fomu mbele yake hajui, na hana ruhusa ya kukisia. Tena sisi hujitaja kwa jina letu, la baba na la babu, ilhali fomu nyingi za nje zina nafasi mbili tu, jina la kwanza na jina la ukoo. Fuata pasipoti: kilichoandikwa kwenye nafasi ya jina la ukoo ndicho kijazwe kwenye nafasi hiyo, hata kama nyumbani hakuna anayemwita hivyo.

Mimi mwenyewe niliwahi kujaza fomu kwenye kaunta ya Chake Chake nikaandika Mohammed kwa m mbili, kama ninavyomwandikia mpwa wangu siku zote, na pasipoti yake ina moja. Fedha zilifika siku ile ile, akakataliwa. Zilikaa siku nne, na kodi ya chumba ikapita tarehe, kwa herufi moja.

6. Tuma. Kwa simu, fungua menyu ya mtandao wako, kama *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, uchague kutuma fedha na kisha nje ya nchi. Weka namba ya nchi na namba ya mpokeaji, weka kiasi, kisha usome kila kitu kinachotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likijitokeza, lilinganishe na picha uliyotumiwa.

Kwa benki, fomu itakuuliza nani alipe makato. OUR maana yake wewe mtumaji unalipa yote. SHA maana yake mnagawana. BEN maana yake yote yanamwangukia mpokeaji. Fedha za SWIFT, yaani zinazotoka benki ya hapa kwenda benki ya nje, mara nyingi hupita kwenye benki moja au mbili za kati kabla ya kufika, na kila moja huweza kujikatia. Niliwahi kutuma dola 120 kwa SHA bila ya kuelezwa, zikafika 95. Ikiwa unalipa ankara ambayo lazima itimie, chagua OUR na uulize gharama yake kwanza. Kwa matumizi ya nyumbani ya dola 100, kwa kweli SWIFT si njia ya kuitumia kabisa.

7. Hifadhi ushahidi na umwarifu mpokeaji. Usifute ujumbe wa muamala. Risiti ya karatasi ipige picha, kwani wino wake hufifia. Western Union watakupa namba ya MTCN yenye tarakimu 10, ambayo ndiyo anayochukulia fedha mpokeaji. Mpe mpokeaji peke yake, tena kwa simu ya sauti ikiwezekana. Akishapokea, akwambie ni kiasi gani hasa kimemfikia mkononi, nawe uandike kwenye daftari pamoja na tarehe na njia uliyotumia. Baada ya mara tatu au nne daftari hilo litakujulisha zaidi ya tangazo lolote.

Makosa ya kuepuka

Usimwachie wakala atume kutoka kwenye laini yake eti ili kuokoa ada moja. Muamala utasomeka kwa jina lake, na ukikwama wewe si mhusika.

Usitume benki Alkhamisi jioni kwenda Oman au Saudia ukitarajia zifike kesho yake. Wao hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na sisi Jumapili, kwa hiyo fedha za Alkhamisi jioni huenda zikasubiri mpaka Jumatatu. Tuma Jumatatu hadi Jumatano asubuhi.

Usigawe kiasi kimoja vipande vipande. Ada ya kudumu hulipwa kila mara, na miamala mingi midogo kwa mtu mmoja huweza kuzuiliwa kwa ukaguzi chini ya sheria za kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu. Ikiwa mwanao anahitaji kidogo kila wiki, ni nafuu kumtumia mara moja kwa mwezi na kumfundisha kuzitunza.

Kuna na wale wanaopokea fedha dukani hapa na mwenzao akalipa kule kwa neno la simu tu. Najua kuwa wengi wameitumia njia hiyo miaka mingi kwa kuaminiana, na sisemi kwamba kila anayeifanya ni mwizi. Lakini asiye na leseni ya Benki Kuu hakupi risiti inayosimama popote, na mwenzake akisema hakupokea maagizo, huna wa kumshitakia. Nimeona mama akilia kwa shilingi laki tatu za namna hiyo, na sikuwa na la kumshauri.

Fedha za mkononi kwa msafiri unayemjua vyema ni jambo la kawaida kwetu na halina ada. Hesabuni mbele ya shahidi, na msafiri akumbuke kwamba mwenye jumla ya dola 10,000 au zaidi lazima atoe taarifa forodhani.

Mambo yakikwama

*Ujumbe unasema muamala umekamilika, lakini mpokeaji hajaona kitu.* Mwambie atazame salio badala ya kusubiri ujumbe, kwani ujumbe huchelewa au hukosa nafasi kwenye simu. Kama salio halijaongezeka, piga 100 kwa mtandao wako ukiwa na namba ya muamala mkononi. Usitume mara ya pili kabla hujapata jibu la ile ya kwanza.

*Nimekosea namba.* Piga 100 papo hapo, kabla ya kumpigia uliyemtumia. Fedha zikiwa bado zimo kwenye salio lake huweza kuzuiliwa; akishazitoa, kurejeshewa ni kwa hiari yake.

*Jina halilingani.* Usikimbilie kufuta muamala. Rudi na risiti na picha ya pasipoti mahali ulipotumia, uombe marekebisho ya jina. Tofauti ya herufi moja au mbili kwa kawaida hurekebishwa, lakini mtu hawezi kubadilishwa akawa mwingine.

*Fedha za benki zimefika pungufu au hazijafika.* Omba nakala ya ujumbe wa SWIFT, ambayo watumishi wa benki wamezoea kuiita MT103 kwa jina la muundo wake wa zamani, pamoja na namba ya ufuatiliaji ya UETR yenye alama 36. Mpelekee mpokeaji aipeleke benki yake. Kwa namba hiyo itajulikana fedha ziko benki gani na nani amekata.

*Muamala unakataliwa kila nikijaribu.* Tazama kwanza kama umepita kikomo cha siku, kisha kama laini yako au ya mpokeaji imesajiliwa kikamilifu. Sababu hizi mbili ndizo ninazokutana nazo zaidi.

*Mtoa huduma hanisikilizi.* Andika malalamiko kwa karatasi, yenye tarehe, kiasi na namba ya muamala, upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa au usiporidhika, peleka nakala hiyo Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi lake Gulioni mjini Unguja na hushughulikia malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Aliyeko Pemba hana haja ya kupanda boti kwa ajili hiyo. Barua na viambatanisho vyake huweza kutumwa.